Maelezo na Picha Iliyokataa Kuvuka Ua

"Programu hii ina roho mbaya! Inafunguka, inanitazama usoni, halafu inajifunga pwaa, kama mimi ndiye niliyemkosea baba yake!"

Aliyekuwa akilalama ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mpiga picha. Mtaani wanamwita Maelezo. Ukimwuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa yake aliinunua wapi, na kwamba muuzaji siku hiyo alikuwa na mafua.

Studio yake iko upande wa barabarani. Chumba cha mdogo wangu cha kuchapishia kiko ng'ambo ya ua. Kompyuta zote mbili zinatumia mfumo wa Linux kwa sababu hauuzwi, na shemeji cha bure hakikatai hata kikiwa shubiri. Picha husafiri toka kwake hadi kwa mkewe kwa programu ya kugawana mafaili. Tundu la flashi la mashine ya mkewe lilikufa zamani, kwa hiyo njia ni hiyo tu.

Na siku hiyo haikuwa siku ya mchezo. Kwenye benchi ameketi bibi mzee, begi miguuni. Mjukuu wake aliolewa majuzi, na shemeji, aliyepiga picha za harusi, alimwahidi bibi picha moja, yake peke yake. Kila akiifuata anaambiwa kesho. Sasa gari la kumrudisha kwao lilikuwa linaondoka mchana.

"Mwanangu," bibi alisema, "hiyo kesho yako ina miguu mingapi? Mbona haifiki?"

Shemeji akafuta programu, akaiweka upya. Ikaanguka. Akazima kompyuta, akaiwasha. Ikaanguka. Akanigeukia mimi. "Shemeji, jana ulifuta vumbi hapa."

"Nilifuta vumbi, sikufuta akili," nikamjibu. "Mwite mkeo."

Mdogo wangu akaja na wino mikononi. Yeye hana maneno. "Umeibonyeza kwenye kialama chake tu? Hebu tuiite kwa amri, itatuambia inafia wapi." Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiwasha programu humo. Ikaanza vizuri, ikafika kwenye picha ya bibi, ikafa. Lakini safari hii iliacha wasia: jina la faili limezidi urefu.

"Umeiitaje picha hii?" mke akauliza.

Shemeji akakohoa. Mke akasoma kwa sauti: "Bibi wa bibi harusi aliyevaa miwani ya kuazima akakataa kucheka mpaka nilipojikwaa kwenye waya halafu akacheka hii ndiyo yenyewe usichanganye na ile aliyofumba macho ambayo pia ni nzuri lakini yeye mwenyewe hataipenda na mimi sitaki ugomvi naye."

Nilicheka hadi nikashika mlango.

"Kompyuta ililikubali!" shemeji akajitetea. "Jina limeenea!"

"Limeenea hapa, mume wangu. Programu ikituma faili huongeza herufi zake za muda mwishoni. Wewe hukuiachia hata pa kuweka nukta. Fupisha."

"Niandike nini? Nikiandika 'bibi' tu, bibi yupi? Nina mabibi humu kumi na kitu. Mtu anastahili maelezo, jamani!"

Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Nje gari likapiga honi.

"Nani kakwambia miwani ni ya kuazima?" bibi akauliza.

"Wewe mwenyewe, bibi. Ulisema nisikupige karibu, mwenye nayo asije akaitambua."

Bibi akatikisika mabega kwa kicheko. "Basi sogea. Andika: Nimecheka."

"Nimecheka tu?"

"Kwani nilifanya nini kingine?"

Akaandika. Programu ikafunguka, ikatulia, mstari wake ukajaa taratibu hadi mwisho. Mdogo wangu akavuka ua mbio. Muda si mrefu akarudi na picha ikiwa bado ya moto, ameishika pembe kwa vidole viwili.

Bibi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Hakusema ni nzuri. Aliifunga ndani ya kitenge, akaiingiza begini, akasimama.

"Haya, sikudai tena."

"Bibi, ngoja nikueleze kwa nini ilichelewa," shemeji akaanza. "Unajua, siku ile ya harusi, ule waya..."

Bibi alikwisha fika kwenye gari.