Tulivyolitengeneza Lori la Baba

Lori la baba lilikuwa na magonjwa mawili, na nilikuwa nayasikia kila nilipokwenda kijijini kumsalimia. Injini ilichemka kabla ya kufika Maswa, na usukani ulitetema mpaka mikono inakufa ganzi. Baba mwenyewe alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimwachia mwanga wa kutofautisha mlango na ukuta, basi. Lakini kila asubuhi alitoka kwenda kulipapasa pale uani, boneti, taa, tairi, kama anavyopapasa ng'ombe aliyelala na homa.

Mwaka jana aliliwasha peke yake. Alidai barabara anaijua kwa masikio. Akaingia nalo kwenye zizi la jirani, akavunja uzio wote wa mbele, na kwa bahati tu ng'ombe walikuwa malishoni. Baada ya hapo kaka yangu, ambaye anaishi Mwanza na kutuongoza kwa simu, akaamua liuzwe. Kadi ya gari ilikuwa na jina la kaka tangu zamani. Ningependa kusema nilikubali kwa shingo upande, lakini sivyo, nilikubali palepale, nikaona hata mzigo umenitoka mabegani.

Shida ni kwamba lori linalochemka na kutetema halina mnunuzi wa maana. “Litengenezeni kwanza,” kaka akasema. “Na mzee usimwambie. Atakufa.” Kumwita fundi kutoka mjini hakukuwezekana, kwa kuwa baba hakuwahi kumruhusu fundi yeyote aliguse. Aliyeruhusiwa ni mimi. Kaka aliichukia grisi tangu utotoni, kwa hiyo mimi binti ndiye niliyekua nikimshikia baba spana.

Basi shule zilipofungwa mwezi wa sita, nikafunga darasa langu pale Bariadi ninakofundisha, nikaenda nyumbani, nikavaa ovaroli lake kuukuu.

“Mwangaluka, baba. Nimekuja tulitengeneze lori.”

“Mwangaluka, mayu,” akaitikia. Kwetu baba humwita binti yake mayu, mama, na yeye hutumia neno hilo akiwa na furaha. “Mwishowe umepata akili. Pamba imeshaanza kununuliwa. Tukiwahi, tunapata mizigo.”

Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka laini kabisa.

Tulianza na injini. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na bampa, akinituma. Nilipofungua kichwa cha silinda tukakuta gasketi imeungua katikati ya silinda mbili, maji na moto vinatembeleana. Aliipitishia kidole ile gasketi akacheka, kwa sababu alishabashiri ni palepale. Wakati wa kufunga mpya alinisimamia kila nati: anza katikati, nenda nje, usikaze moja mpaka mwisho, rudi, kaza tena. Nikiharakisha alisikia. “Hiyo umeiruka,” alikuwa anasema, na kweli nimeiruka. Tulipowasha, aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akatulia. Kisha akaniambia injini imepona, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari ya mjukuu.

Ningefurahi pamoja naye. Nilitaka sana kufurahi. Badala yake nilikuwa nawaza kwamba kila kitu tulichokipoza kilikuwa kinamleta mnunuzi hatua moja karibu na lango.

Ekseli ya mbele ndiyo iliyotutoa jasho. Kingpini, ule mhimili wa chuma ambao gurudumu hugeukia, zilikuwa zimelika, na ya kushoto ilishika kutu ikagoma kutoka. Tuliimwagia dizeli tukaiacha ilowe, tukaipasha moto, nikaipiga nyundo mpaka mabega yakalia. Baba alishindwa kuvumilia. Akashuka kwenye kigoda, akatambaa chini ya lori pamoja na mimi, akaipapasa, akaniwekea tindo pale anapotaka na kuishika kwa mikono yake mwenyewe.

“Piga.”

“Nitakuumiza, baba.”

“Piga, mayu. Nakuamini.”

Nikapiga. Kingpini ikatoka. Nikajifanya jasho limeniingia machoni, ingawa hakukuwa na haja ya kujifanya mbele ya mtu asiyeona.

Bushi mpya, zile pete ambazo kingpini huingia ndani yake, zilikuwa zinabana, na hatukuwa na kifaa cha kuzipanua, kwa hiyo tulizungushia msasa kwenye kijiti, tukazisugua ndani kidogokidogo, tukijaribu na kusugua tena. Nilipomaliza alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza hata kidogo. Akasema hii ni kazi ya kudumu. Akasema pia, bila kumlenga mtu, kwamba msimu huu tuajiri dereva tu, lakini mwakani nikate leseni ya magari makubwa niliendeshe mwenyewe siku za likizo.

Usiku ule nilimpigia kaka. Nilimwambia tungoje. Akaniuliza tungoje nini, mzee aliingize tena kwenye zizi la mtu? Nikakata simu nikiwa na hasira naye, hasira ambayo kwa kweli nilistahili mimi mwenyewe.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Maswa, mtu wa heshima. Alimsalimia baba vizuri, akalizunguka lori, na kama kaka alivyomwomba hakutaja bei wala ununuzi. Tulimwambia baba kwamba lori limepata kazi ya kubeba pamba upande wa Busega, na huyu ndiye dereva aliyekuja kulichukua. Baba akamshika mkono muda mrefu, akamweleza tabia za gia, breki na rejeta. Yule bwana aliitikia kila neno huku ananitazama mimi. Nilikuwa natazama tairi.

Tangu hapo kila jioni baba aliniuliza lori limelala wapi. Nikajibu: leo Mwamanyili, leo Kalemela, leo linasubiri foleni ya kushusha pamba. Nilipata ustadi wa kutisha. Niliongeza matope, nikaongeza pancha, nikaongeza mama mmoja aliyeomba lifti na mbuzi wake, na baba akacheka mpaka akakohoa. Nilijichukia kuanzia asubuhi, na ikifika jioni nilishatunga safari nyingine. Aliulizia kila kitu isipokuwa fedha. Mapato, alisema, ni mambo yetu vijana.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, tulikuwa uani mchana, mimi nachambua mchele, yeye amekaa kivulini kwenye ukuta. Nyumba yetu iko karibu na barabara na malori hayaishi kupita. Ghafla akainua kichwa. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

“Ndilo lile,” akasema. “Fungua lango.”

Nikasimama. Ni kweli lilikuwa linatoka upande wa Maswa, limepakwa rangi mpya ya bluu, na yule bwana wa heshima ndiye alikuwa kwenye usukani. Aliiona nyumba. Aliniona. Akatazama mbele, akaongeza mwendo, akapita.

Baba alilisikiliza mpaka likaisha. Nikadhani atauliza kuhusu safari, na nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na aliposema, sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya enzi akiwa na matingo watatu wa kumsaidia kwenye lori.

“Hakusimama.”

“Ana haraka, baba. Mzigo.”

“Haraka gani? Dereva wangu, na gari langu, anapita mlangoni kwangu hata salamu hakuna? Mimi nimeendesha magari ya watu miaka yote. Hukupita nyumbani kwa bosi bila kushuka kusema mwadila. Asiyesalimia anakuibia, au anakudharau. Mfukuze. Mpigie simu sasa hivi mbele yangu, mwambie aliache lori na arudishe funguo. Na mimi nataka kumsikia.”

Akanyoosha mkono nimpe simu.

Nilitafuta uongo mwingine. Nilikuwa na mwingi, lakini kila niliouokota ulikuwa unamfanya yule bwana kuwa mwizi, au mtovu wa adabu, naye hakuwa chochote katika hayo. Mkono wa baba ulikuwa bado hewani, ukisubiri, mkono uleule ulionishikia tindo.

“Baba,” nikasema, “yule siyo dereva wako. Lile lori ni lake. Tulimuuzia.”

Mkono ulishuka taratibu mpaka gotini. Nikaanza kuhofia yale maneno ya kaka. Kisha akageuza uso kuelekea barabarani.

“Basi yule bwana hana kosa,” akasema.