Nieleweshe, Baba

Enzi za mkurugenzi aliyepita, bwana wa kugonga meza, katibu muhtasi wa halmashauri aliagiza kioo kipya cha meza mara tatu. Alipoletwa huyu mama asiyegonga kitu, ofisi nzima ikadhani imepona. Yeye huvua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya mtandio, kisha akasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Hebu nieleweshe, baba." Leo zamu ilimwangukia mhandisi, aliyeandika kwamba mtaro wa sokoni umekamilika. "Nieleweshe, baba. Asubuhi nimepita pale. Yale maji yanatoka wapi?" Mhandisi akatazama viatu vya mama vilivyoanikwa dirishani. Alipotoka, jasho likimtiririka, alimwinamia katibu muhtasi akanong'ona, "Yule mzee wetu wa kugonga meza, hawezi kurudishwa?"