Mikono Kwenye Ukuta wa Jikoni

Mimi si mtu wa kukaa. Ukiniketisha dakika kumi bila kazi, miguu inaanza kuniuma kama nimetembea mpaka Mogogosiek na kurudi. Kwa hivyo binti yangu aliponiletea msichana wake wa miaka miwili na nusu, pamoja na karatasi na rangi za kuchezea, nilijua nimepatikana.

Masharti yalikuwa ya binti yangu. Mtoto alikuwa kimya mno, amezoea simu. Nikae naye kila siku, tuchore pamoja, niongee naye. Yeye angerudi Jumapili. Akikuta mtoto bado ananiogopa, atamrudisha Kericho mjini, kwa mama mmoja anayelea watoto wengi kwa chumba kimoja. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilimtaka huyo mtoto hapa. Boma langu limenyamaza tangu wa mwisho aolewe.

Jumatatu tuliketi sakafuni. Nikamshika mkono nimwonyeshe mstari ulionyooka, kama laini ya majani chai. Akavuta mkono. Nikamshika tena. Akalia. Huko nje majani yalikuwa tayari kuchumwa, gari la kununua lingefika saa nane, na mvua ya huku haingoji mtu. Niliinuka mara nne, nikaketi mara nne. Mtoto alikuwa akinitazama kama anayetazama ng'ombe mwenye pembe mbaya.

Jumanne tulichovya majani kwa maji ya bitiruti, tukayagandamiza kwa karatasi. Nikamwambia anayashika vibaya. Akaenda kusimama mlangoni.

Jumatano nilichoka na karatasi. Ukuta wa jikoni, ule wa udongo, ulikuwa umebanduka kwa mvua, nikachanganya samadi na majivu nikaanza kukandika. Mtoto akaja nyuma yangu, akatia mkono kwa ndoo, akaubandika ukutani. Nikapitisha kiganja nikafuta. Tulifundishwa hivyo: ukuta wenye alama za vidole ni wa mwanamke mvivu, na mgeni huutazama kabla hajakusalimu. Akabandika tena. Nikafuta. Mara ya tatu hakulia. Alificha mikono yake ndani ya sweta.

Hapo nilisimama. Mtoto mdogo hivyo, anaficha mikono.

"Haya, piga," nikamwambia. Akanitazama kwanza. "Piga, sifuti."

Akapiga. Kuiacha ile alama kulinilemea kuliko kubeba kuni. Niliweka mikono yangu nyuma kama mshtakiwa. Jirani alipita na kikapu chake akienda kituo cha kununua majani, akauliza kama macho yangu yameharibika. Nikamwambia aende, majani yake yananyauka. Yangu hayakuchumwa siku hiyo.

Kesho yake tulitafuta udongo mwekundu wa barabarani, tukasaga makaa, na pamoja na ile ya samadi tukapata rangi tatu. Ijumaa akaanza kuniamrisha. "Kogo, piga." Kogo ni nyanya. Nikapiga.

Jumapili binti yangu alifika akitoka kanisani. Alisimama mbele ya ukuta. Akauliza kama hiyo ni samadi. Nikamwambia ndiyo, na yeye alikulia ndani yake.

"Mama," akasema, "mimi ulikuwa unanifuta."

Nikauliza nini.

"Mkono wangu. Nilikuwa naubandika hapa chini. Unafuta, nabandika, unafuta. Nikaacha."

Sikumbuki. Nimejaribu, sikumbuki. Nilimwambia ukuta ulitakiwa kuwa laini. Akasema anajua. Mtoto alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili, na mama yake aliona.

Alimwacha mpaka mwisho wa mwezi. Halafu tutaona, akasema. Hilo "tutaona" halinipi raha. Sasa nachuma majani kabla mtoto hajaamka, umande ukinilowesha mpaka kiunoni, ili asubuhi iwe yake. Jikoni hakuna tena mahali pa kupiga. Jana tulianza kwenye kibanda cha kuku.