Sanda ya Mama Kwenye Daraja la Luama

Sina faida yoyote ya kukudanganya juu ya kifo cha mama yangu mwenyewe. Haya yalinipata mchana kweupe, wala sikuwa nimelewa; mimi sinywi.

Alfajiri kaka yangu alinipigia simu kutoka Kabambare: mama ametutoka, atazikwa alasiri. "Maduka ya huku haina kitambaa cheupe. Leta sanda." Nikainunua hapa Kasongo, nikaitia ndani ya sakoshi, mfuko wangu wa begani, nikapanda pikipiki. Njia ile unaijua? Matope mpaka magotini.

Nilifika daraja la Luama mvua ikiwa imeacha sasa hivi, ukungu umejaa mtoni. Daraja lenyewe ni miti na mbao, zingine zimeoza, kwa hiyo ukiwa na abiria hushuka akatangulia kukuonyesha pa kukanyaga. Mimi nilikuwa peke yangu. Nikamwona mwanaume mmoja, amelowa chapachapa, ananipungia mkono.

"Pita huku, ndugu. Ile ingine imeoza."

Nikamshukuru Mungu, nikamfuata nikisukuma pikipiki. Tukapita ubao wenye kiraka cha bati. Tukaenda, tukaenda, tukaupita tena. Nikasema moyoni ni uchovu wa msiba. Mara ya tatu nikasimama. Mbele sikuona ng'ambo, nyuma vilevile, chini maji tu. Wewe ungefanya nini?

Akageuka. "Uko na nini mu sakoshi?"

"Sanda ya mama."

"Nipasulie kipande kimoja tu. Miye maji ilinibeba, hakuna mutu alinizika."

Nikakataa. Tukaupita ubao ule. Akaomba tena, kwa upole kabisa, kama jirani anayeomba chumvi. Nikakataa tena, na lile bati likalia tena chini ya gurudumu. Nikamwaza mama amelala, ameshaoshwa, watu wananingoja. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi! Niamini, woga ukizidi akili hukimbia. Niliivua sakoshi nikamtupia yote, nikasukuma pikipiki bila kutazama nyuma. Hatua chache tu, nikakanyaga udongo.

Mama alizikwa kwa shuka lake la kulalia, lenye maua. Sheikh alisema inatosha. Kaka akanishika bega: "Sanda iko wapi?" Nikamjibu kwamba mfu wa Luama amenipora. Akaniamini, na hilo ndilo linaloniumiza. Mpaka leo, kila akivuka pale, kaka husimama katikati ya daraja na kumlaani yule mtu, yeye na kizazi chake.

Wewe utakayepita Luama, ukiombwa, pasua upesi, mpe haki yake, uende na kilichobaki. Na ukimkuta kaka yangu pale akilaani, mwambie wewe kwamba maskini yule aliomba kipande kimoja tu. Mimi nimeshindwa.