Nusu Sekunde ya Dada

Shemeji yangu tulimwita Mzee Waya, na jina hilo nilimpa mimi. Sikuwa nampenda sana. Alimwoa dada yangu mkubwa, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, akamweka kwenye nyumba iliyojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Ukitaka kukaa, kwanza uhamishe kitu.

Riziki yake ilikuwa kutengeneza kompyuta, lakini roho yake ilikuwa kwenye kadi za sauti, vile vibao vya ndani vinavyoiwezesha kompyuta kupiga muziki. Kadi za bei rahisi wakati ule zilipiga muziki kama nyuki ndani ya kopo. Yake haikuwa hivyo. Aliwahi kunieleza, nami nikajifanya sisikii: ndani yake mmehifadhiwa vipande vifupi vya vyombo halisi, filimbi ya kweli, ngoma ya kweli. Ukibonyeza kitufe cha kinanda kilichounganishwa nayo, kadi huchukua kipande na kuipandisha au kuishusha sauti yake, na kutoka noti moja ya muziki unapata wimbo mzima. Tena kadi ile ilikubali upakie vipande vyako mwenyewe.

Basi alasiri moja akamsimamisha dada mbele ya kipaza sauti aimbe "aaa" moja tu. Kumbukumbu ya kadi ilikuwa finyu, kwa hiyo akafanya kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo: akabakiza mwanzo wa sauti na kijipande cha katikati, kinachojirudia tena na tena maadamu kidole kiko kwenye kitufe. Yote pamoja haikufika nusu sekunde. Mengine akayafuta, maana diski nayo ilikuwa imejaa. Nani angeona kosa? Mwenye sauti alikuwa jikoni, anaimba bure.

Mwaka haukuisha, dada akafariki, akaacha binti anayetambaa. Hatukuwa na rekodi yake nyingine yoyote.

Binti alikua, akaolewa, akajifungua. Siku moja akaja kwangu, mtoto kalala mgongoni.

"Mama mdogo, nikimwimbia huyu, watu wananiambia nina sauti ya mama. Mimi mwenyewe siijui. Nataka niisikie, hata mara moja tu."

Nikamwambia baba yake anayo kwenye mashine. Akaenda, akaambiwa kompyuta ni mbovu. Akarudi tena, akaambiwa spika imeungua. Hasira zikanipanda. Yaani mtu anamnyima mwanawe sauti ya mama yake! Nikajifunga kibwebwe, tukaenda wote, mimi mbele.

"Shemeji," nikasema mlangoni, "leo tunaondoka tumeisikia sauti, au hatuondoki."

Kwa kawaida angenijibu utani wangu kwa utani. Safari hii alifuta vumbi kwenye kinanda, akawasha. Kompyuta ilikuwa nzima. Spika pia ilikuwa nzima.

Binti akabonyeza vitufe vya juu, ikatoka sauti ya kitoto. Akabonyeza vya chini, ikatoka ya mwanamume mwenye mafua.

"Mama ni yupi hapa?"

Baba akamshika kidole, akakiweka kwenye kitufe kimoja. "Hiki. Hii ndiyo noti aliyoimba."

Nikamsikia dada yangu. Nikakalia kompyuta ya mteja.

Binti hakuachia kitufe. Sauti ikaendelea, ikaendelea, bila kupanda wala kushuka.

"Baba, mbona hapumui?"

"Nilimkata, mwanangu. Nilibakiza hapo tu. Ndiyo maana nilikuwa nakuzungusha, niliogopa utaniuliza mengine yako wapi."

"Kwani kulikuwa na mengine?"

Sikuwahi kumwona shemeji akilia, hata siku ya maziko. Sasa machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Alicheka. Akasema, 'Haya, zima hicho kidude chako, mtoto ameamka.' Halafu ukasikika wewe, unalia chumba cha pili. Nilitaka noti tu. Nikawafuta wote wawili."

Nilimtazama binti, nikasubiri amgombeze, maana haki hiyo alikuwa nayo. Yeye alikuwa anatazama kidole chake, bado kimekaza palepale.

"Sema tena, baba."

"Niseme nini?"

"Alivyosema mama. Nisikie."

Akayasema tena, taratibu, neno kwa neno, na dada yangu akiimba chini ya maneno hayo.