Rafiki wa Penseli

Fundi viatu wa mtaa ule hakuwa mtu wa wivu. Hivyo ndivyo alivyojiambia miaka ishirini na sita ya ndoa, na hakuna aliyembishia kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu. Kisha msimu wa joto ukaingia, shule zikafungwa, mkewe akaazima kitabu cha mapishi maktaba, na wivu ukahamia nyumbani kwao na virago vyake vyote.

Kitabu chenyewe kilikuwa kikuukuu, mgongo umeachia. Pembeni mwa kila pishi mtu alikuwa ameandika kwa penseli, mwandiko mwembamba ulioinamia kulia. *Punguza chumvi. Limau liwe la mwisho, moto ukishazimwa. Hii tuliila kando ya mto, tumevua viatu. Ukimpikia umpendaye, usimhesabie nyama.*

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata Fundi mwenyewe, aliyasoma maneno hayo kwa sauti akiwa amesimama jikoni, anacheka peke yake.

"Rafiki yangu anasema viazi tusivimenye."

"Rafiki yako nani?"

"Huyu wa penseli."

Fundi akala viazi na maganda yake. Vilikuwa vitamu, na utamu wenyewe ndio uliomuudhi.

"Vipi?" Mwalimu aliuliza.

"Sawa," alijibu, kama alivyojibu tangu siku ya kwanza ya ndoa.

Jumapili wakaenda mtoni, maana penseli ilisema mtoni. Mwalimu akatandika shuka kivulini, akafungua riwaya yake, akatia miguu majini. Fundi, aliyezoea kuwajua watu kwa visigino vyao, alikaa akijiuliza ni miguu ya nani iliyotangulia pale. Jumapili iliyofuata wakapanda kilima nyuma ya tangi la maji wakiwa na kuku wa jana, eti rafiki anasema kuku baridi hunoga juu kuliko chini. Na kweli alinoga! Miaka mingi Fundi hakuwa amepata siku tamu kama zile, na hapo ndipo roho ilipomchoma. Mkewe alikuwa ananawiri, naye alikuwa ananawirishwa na mwanamume mwingine.

Usiku na mchana Fundi akawa anakipekua kitabu kile kisirisiri, anamtafuta mbaya wake. Hakumpata. Alipata tu *ongeza tangawizi*.

Kitabu kilitakiwa kurudishwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi Mwalimu akasema jioni atanakili maneno yote ya penseli kwenye daftari lake, asiyapoteze.

"Nipe nikakitie gundi mgongo," Fundi akasema. "Aibu kukirudisha hivi."

"Ahsante, mume wangu," Mwalimu akasema, na kumpa kwa mikono miwili.

Kibandani alikitia gundi kweli. Kisha akavuta mlango nusu, akatoa kifutio anachosafishia viatu vya ngozi nyeupe, akaanza. Akafuta limau, akafuta mto, akafuta umpendaye. Vumbi la kifutio akalikung'uta kwa brashi ya viatu. Moyo ukawa mwepesi kwa muda ule ule wa gundi kukauka.

Halafu akauona ukurasa wa supu ya maboga, mtupu, akamwona akilini Mwalimu ameketi jioni na daftari lake. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu wa Fundi alizaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Akachukua penseli anayochorea soli. Ajabu ni kwamba alikumbuka kila kitu. Wivu ulikuwa umemkaririsha kitabu kizima, neno kwa neno, yeye ambaye shuleni hakuwahi kushika hata shairi la beti mbili. Akaandika, herufi nene kama namba za viatu, mpaka akafika kwa samaki wa kuoka. Hapo kichwa kikagoma. Alichokumbuka ni samaki mwenyewe, ngozi yake ilivyokauka vizuri, na yeye alivyoutazama mkia uliobaki sahanini. Kwa kuwa ukurasa haukuweza kubaki mtupu, akaandika hilo.

Jioni Mwalimu alipakua chakula, akafungua kitabu. Fundi akakazia macho sahani yake.

"Mwandiko umenenepa," Mwalimu alisema.

"Labda joto."

Mwalimu akafunua kurasa moja moja, uso umekunjamana, mpaka akafika kwa samaki. Akasoma kwa sauti: "'Nilitaka kipande cha pili. Niliona haya kuomba.'" Akainua macho. "Fundi. Umefuta maneno ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Bibi aliyekuwa akitunza maktaba. Niliulizia siku ya kwanza. Alikuwa akimpikia mumewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Aibu ilimshuka Fundi mpaka vidoleni.

"Kesho utakirudisha wewe," Mwalimu alisema kwa hasira. "Utamweleza mkutubi ulichofanya, mwenyewe, kwa mdomo huo huo. Miaka ishirini na sita nakupikia, mwenzangu, sijui hata unachopenda. Bibi wa watu, hatujawahi kuonana, ndiye aliyeongea na mimi jikoni."

Wakala. Kisha Mwalimu akalisukuma daftari lake jipya mpaka kwenye sahani ya mumewe, na penseli juu yake.

"Na chakula hiki cha leo, vipi?"

Fundi akaishika penseli, akaandika: *Sawa.* Akamtazama mkewe. Akatoa kifutio mfukoni, akalifuta neno, akasukuma sahani mbele.

"Niongezee kwanza," alisema.