Sakafu Aliyoifagia Baba

Leo jirani amenyunyizia maji vumbi la kibaraza chake kabla ya kufagia. Harufu ya vumbi hilo ikanikuta dirishani, hapa ugenini, na mara nikawa mtoto tena katika nyumba ya serikali kule Busia. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga mihuri kwenye pasipoti za watu mpakani, alikuwa ameacha kazi, na asubuhi hiyo sote tulikuwa tunahamia ng'ambo. Mama alikuwa anafagia. Kukhu, bibi yangu, aliyetoka kijijini Masinya kutuaga, akamshika mkono.

“Wacha, mwanangu. Mtu anasafiri, nyumba hapana fagia. Nyayo yake inabaki, ndio inamrudisha.”

“Mama, afisa mpya anaingia leo. Atasema tuliishi kama kuku.”

Baba akacheka. Akachukua ufagio, akafagia mwenyewe kinyumenyume hadi mlangoni, akifuta kila alipokanyaga. Kukhu alibaki akiitazama ile sakafu safi.

Baba tulimzika huku huku ugenini.

Leo asubuhi binti yangu ameondoka na sanduku lake la safari. Mume wangu anauliza mbona sebule bado ina matope ya viatu vya binti yetu. Ufagio nimeuficha.